Watu wa Lamu walituonyesha swali la kuuliza kabla moshi haujaja

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Lakini kuhusu kisu anaulizwa. Ukilazwa hospitalini na daktari akasema unahitaji kupasuliwa, kuna karatasi ambayo lazima uitie sahihi kwanza. Kabla ya sahihi hiyo una haki ya kuelezwa ugonjwa wako ni upi, upasuaji utafanywaje, hatari zake ni zipi, na kama kuna tiba nyingine. Kama mgonjwa ni mtoto, mzazi ndiye anayeulizwa. Na kama majibu ya maabara bado hayajatoka, daktari mwenye kuiheshimu kazi yake hatakuletea karatasi hiyo, kwa sababu hata yeye hajui bado anakuomba ukubali nini.

Wiki hii nataka tuichukue karatasi hiyo ya wodini tuitumie nje ya hospitali, kwenye jambo ambalo mara nyingi huachiwa mawakili na wanaharakati: mtambo wa umeme wa makaa ya mawe unaopangwa kujengwa karibu na makazi ya watu. Mfano tunao hapa nyumbani, Lamu.

Mradi huo ulikuwa mkubwa. Kampuni ya Amu Power ilipanga kujenga mtambo wa takriban megawati 1,050 huko Kwasasi, eneo la Hindi, kilomita zipatazo 20 kutoka Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Bomba la moshi lingepanda mita 210 angani. Makaa yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, huku yale ya bonde la Mui, Kitui, yakisubiri kuchimbwa. Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa leseni. Wakazi, wakiongozwa na muungano wa Save Lamu, wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi ikaunga mkono uamuzi wa Jopo.

Jopo halikusema kwamba umeme ni mbaya. Lilichosema, kwa ufupi, ni kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi kabla ya utafiti wa athari zake kukamilika. Matokeo ya utafiti yalipopatikana, wananchi hawakurudiwa ili wayasikie na kuyajadili. Jopo liliufananisha ushiriki wa umma na oksijeni: bila huo, ripoti ya mazingira, hata iwe nene namna gani, ni sawa na mtoto aliyezaliwa bila uhai. Muuguzi yeyote wa wodi ya wazazi anaujua uzito wa maneno hayo.

Msimamo wangu ni huu: watu wa Lamu walikuwa na haki ya kukataa, na walichokidai ni haki ya mgonjwa. Walitakiwa kutia sahihi kabla ya majibu ya maabara. Wewe msomaji, uwe unaishi Kilifi, Kitui, Kwale au kwingineko, unafaa kuwaiga siku mradi wa namna hiyo utakapobisha hodi kwenu.

Moshi unaishia wapi mwilini

Watu wengi wakisikia moshi wa makaa ya mawe hufikiria kikohozi na macho kuwasha. Hayo ndiyo madogo. Kinachowatia madaktari hofu ni chembechembe laini mno, zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu una upana wa takriban mikromita 70, kwa hiyo chembe hizi ni ndogo kuliko unywele mara karibu thelathini. Vinyweleo vya puani haviwezi kuzizuia. Kamasi haizinasi zote. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu, na zile ndogo zaidi huvuka ukuta wake na kuingia kwenye damu.

Ndiyo maana orodha ya madhara yake haikomi kwenye pumu, nimonia na saratani ya mapafu. Imo mishtuko ya moyo. Kimo kiharusi. Mama mjamzito anayevuta hewa chafu kwa muda mrefu huwa katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mwaka 2013, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka uchafuzi wa hewa ya nje katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021, WHO ilishusha kiwango inachopendekeza cha chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa sababu ushahidi ulionyesha madhara hata katika viwango vilivyodhaniwa kuwa salama.

Utaambiwa kwamba bomba likiwa refu, moshi utakwenda juu na kuwaacha salama walio karibu. Ni kweli kwamba bomba refu hupunguza moshi unaowaangukia majirani wa kwanza. Lakini moshi huo haupotei. Gesi za salfa na naitrojeni zinazotoka nao hubadilika zikiwa hewani na kuwa chembechembe laini, nazo zinaweza kusafiri mamia ya kilomita. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kuhusu upepo. Kuna miezi ya kaskazi na kuna miezi ya kusi, na katika kila msimu kuna kijiji ambacho upepo unakielekea.

Kwa nini mtoto huumia kwanza

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mtoto mdogo huvuta mara nyingi zaidi, na ukilinganisha na uzito wake, huingiza hewa nyingi kuliko wewe. Mapafu yake bado yanajengeka na njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo uvimbe kidogo tu hutosha kumfanya apumue kwa shida. Mzazi aliyewahi kukesha akisikiliza kifua cha mtoto kikilia anajua ninachokisema.

Kuna ushahidi ninaotaka uukumbuke. Katika mji wa Tongliang, eneo la Chongqing nchini China, kulikuwa na mtambo wa makaa ya mawe ambao ulifungwa mwaka 2004. Watafiti walioongozwa na Frederica Perera wa Chuo Kikuu cha Columbia walifuatilia watoto waliozaliwa kabla ya mtambo kufungwa na wengine waliozaliwa baadaye. Damu ya kitovu ya waliozaliwa baada ya kufungwa ilikuwa na alama chache za kemikali za moshi zilizojibandika kwenye chembe za urithi. Katika kundi la kwanza, watoto waliokuwa na alama nyingi zaidi walifanya vibaya katika vipimo vya ukuaji walipofika miaka miwili. Katika kundi la pili, uhusiano huo haukuonekana tena.

Ulaya nako kuna funzo. Mji wa Dublin, Ireland, ulipiga marufuku uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi mwaka 1990. Moshi mweusi hewani ulipungua kwa takriban asilimia 70, na vifo vya magonjwa ya kupumua vikapungua. Huko makaa yalikuwa yakichomwa majumbani, si mtamboni, lakini pafu halibagui moshi umetoka wapi.

Samaki wa mama mjamzito

Lamu ni kisiwa cha wavuvi, na makaa ya mawe yana zebaki ndani yake. Ni kidogo kwa kila kilo, lakini mtambo mkubwa huchoma mamilioni ya tani katika maisha yake. Zebaki hupaa pamoja na moshi, huanguka na mvua, na ikifika majini vijidudu huigeuza kuwa aina ambayo mwili huifyonza kwa urahisi. Samaki mdogo huila, mkubwa humla mdogo, na kiwango huongezeka kila hatua. Ndiyo sababu papa na nduaro huwa na zebaki nyingi kuliko dagaa.

Inayodhurika zaidi ni akili ya mtoto aliye tumboni. Dunia ilijifunza hayo kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali ulitambuliwa mwaka 1956. Akina mama wasio na dalili kubwa walizaa watoto wenye ulemavu mkali. Tusitiane hofu kupita kiasi: kiwango cha Minamata kilikuwa cha juu mno, na hakuna anayedai mtambo wa umeme ungefanya hivyo. Na mama mjamzito asiache samaki. Ni chakula bora kwake na kwa mtoto, hasa samaki wadogo. Lakini jamii inayokula samaki karibu kila siku ina haki ya kuuliza zebaki itapimwa na nani, mara ngapi, na matokeo yatabandikwa wapi.

Kisha kuna majivu. Vichujio vya kisasa hupunguza sana chembechembe zinazotoka kwenye bomba, na wanaotetea makaa husema kweli wanapolitaja hilo. Wasichokitaja ni kwamba kilichochujwa lazima kiwekwe mahali. Majivu hayo yana arseniki, risasi na kadimiamu, na yakiachwa karibu na visima au ufuo, mvua kubwa moja yatosha kuyapeleka yasikotakiwa. Na bahari hiyo si bahari tu: Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko ndiyo malezi ya samaki.

Kuuliza mapema, kuuliza baadaye

Ukitaka kuona tofauti kati ya kuuliza kabla na kuuliza baada, nenda Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wakazi, wakiwemo watoto, walipatikana na madini ya risasi mwilini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya Sh1.3 bilioni. Uamuzi ukapinduliwa katika rufaa. Ni Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ilipoirejesha fidia hiyo.

Hesabu miaka hiyo. Mtoto aliyekuwa wa miaka mitatu kiwanda kilipofungwa alikuwa ametimu kumi na mitatu fidia iliporejeshwa. Risasi ikishaathiri ubongo unaokua, hakuna hundi inayoweza kuurudisha ulivyokuwa. Watu wa Owino Uhuru walishinda wakiwa wamekwisha kuumia. Watu wa Lamu walishinda watoto wao wakiwa bado wazima. Vyote viwili huitwa ushindi kortini, lakini kliniki huviona kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Lakini umeme tunauhitaji

Naam, tunauhitaji, na asikudanganye mtu. Friji ya chanjo inahitaji umeme. Mashine ya oksijeni inahitaji umeme. Mama anayejifungua usiku katika zahanati kwa mwanga wa simu anauhitaji kuliko sisi sote. Na kijana wa Hindi au Mpeketoni asiye na kazi ana haki ya kuutazama mradi wa mabilioni na kutumaini kibarua. Wapo wakazi wa Lamu waliouunga mkono mtambo huo kwa sababu hizo, na hawakuwa wajinga.

Nina majibu mawili kwao. La kwanza, umeme wa zahanati haukuwa ukisubiri makaa ya mawe. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, maji, upepo na jua. Mwaka 2019, leseni ilipofutwa, matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima hayakufika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa Lamu ungekuwa zaidi ya nusu ya hayo. Zahanati zilizokuwa gizani zilikosa nyaya, transfoma au paneli za jua.

La pili, bei ya umeme haiishii kwenye tokeni unayonunua. Pumu ya mtoto ina bei. Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa ina bei. Siku ambazo mvuvi hakwenda baharini kwa sababu amelala wodini na mkewe zina bei. Gharama hizo hazipo kwenye hesabu za mwekezaji, kwa sababu anayezilipa ni wewe, mfukoni mwako au kupitia bima ya SHA. Umeme unaoitwa rahisi huku ukihamishia deni lake hospitalini ni ghali.

Na haki inatutaka tuseme jambo jingine. Moshi unaoua Waafrika wengi zaidi leo hautoki kwenye mtambo, unatoka jikoni. WHO inakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mzazi anayepinga makaa ya mawe mchana, kisha usiku akapika kwa kuni katika chumba kisicho na dirisha huku mtoto yuko mgongoni, bado ana kazi ya kufanya. Pika nje au mahali penye hewa ukiweza. Tumia kuni kavu. Usiwashe moto kwa plastiki. Ukimudu gesi, itumie. Ila kuna tofauti: jiko lako unaweza kulisogeza leo jioni, lakini mtambo ukishajengwa hausogezwi na mtu, na hupangiwa miaka isiyopungua ishirini na tano.

Maswali ya kwenda nayo barazani

Siku chifu atakapoita baraza kuhusu mradi wowote wa moshi, uwe wa makaa ya mawe, saruji au chuma, usiende kusikiliza ahadi za ajira peke yake. Nenda na maswali haya, na uombe majibu kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa.

Kwanza: utafiti wa athari umekamilika? Kama bado, baraza hilo ni la kufahamiana tu, na si la kukubali. Dai baraza jingine matokeo yakitoka.

Pili: leo, kabla ya mradi, ni watoto wangapi hapa wanaotibiwa pumu na nimonia kwa mwaka? Ni watoto wangapi wanaozaliwa na uzito mdogo? Asiyepima mwanzo hawezi kuthibitisha baadaye kwamba mambo yameharibika, na kampuni yoyote itakwambia watu walikuwa wagonjwa tangu hapo.

Tatu: hewa itapimwa na nani, na je, matokeo yatabandikwa zahanati na shuleni, au yatafungiwa kabatini?

Nne: majivu na maji machafu yatakwenda wapi, na yako umbali gani kutoka kisima chetu?

Tano: tukiugua, nani atalipa? Kuna mfuko uliotengwa, au tutaambiwa twende mahakamani?

Sita: ni njia gani nyingine ya kupata umeme huo iliyochunguzwa, na kwa nini ilikataliwa?

Usidhani unaomba hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 43 kinakupa haki ya afya. Leseni ikitolewa na hukuridhika, sheria inatoa siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo la Mazingira. Siku hizo hupita haraka, kwa hiyo ulizeni mapema leseni imetolewa lini.

Ninyi wahudumu wa afya mnaosoma safu hii, nanyi mna sehemu yenu. Wahudumu wa jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba, wauguzi wanaoandika rejista, maafisa wa kliniki wanaosikiliza vifua: takwimu za swali la pili ziko mikononi mwenu. Mzazi akiziuliza, msimwone mchochezi. Anafanya kile tunachomhimiza kila siku wodini, yaani kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Na wewe mzazi, anza na kilicho karibu. Kitabu cha kliniki cha mtoto wako kinaonyesha uzito aliozaliwa nao, chanjo zake, na mara alizotibiwa kifua. Usikitupe akitimiza miaka mitano. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, kiweke pakavu pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku mtu atakapokuja kusema hewa ya kwenu haijabadilika, utakuwa na mahali pa kuanzia kumjibu.